Ubao wa flipa uliopasuka rangi: verni kwanza, brashi baadaye

Msomaji wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ameuliza hivi kuhusu flipa, ile mashine ya mchezo wa goroli inayopigwa kwa vikono: "Jambo sana fundi. Baba mdogo ameniachia flipa ya Gottlieb ya miaka ya 60 iliyokuwa katika baa yake. Inacheza, lakini ubao wake unatia huruma. Rangi imepasuka mistari mistari, kuzunguka mashimo na mbele ya vikono imeisha mpaka mbao inaonekana, na vidirisha vya taa vimeinuka. Jirani yangu anayechora vibao vya maduka anasema tupige msasa wote, apake upya kwa rangi ya mafuta, halafu tuweke verni ya mbao juu. Nikubali?"

Usikubali bado, ndugu. Mkono wa jirani yako tutauhitaji, ila si kwa mpangilio huo. Ukipiga msasa leo, kesho hutakuwa na mahali pa kunakili nyota, namba wala herufi, maana rangi iliyochapwa kiwandani ni utando mwembamba kuliko karatasi. Ninachokuomba ukishike ni kimoja: kati ya rangi ya zamani na rangi yako lazima pawe na verni. Safisha, funga kwa verni nyembamba, ndipo upake. Ukikosea juu ya verni, unafuta kwa kitambaa chenye maji na kuanza tena. Ukikosea juu ya rangi ya zamani, unapofuta kosa lako unafuta na kazi ya kiwanda.

Kwanza ujue ulichonacho. Gottlieb, kama Williams na Bally, walitengeneza mashine zao Chicago, na ubao wa enzi hiyo ni plaiwudi ya unene wa milimita 13 hivi, uso wake ukiwa wa mti wa maple. Rangi zilichapwa kwa skrini ya kitambaa, moja baada ya nyingine, nyeusi ikija mwishoni. Juu yake ikapulizwa laka ya nitroselulosi. Hilo la nyeusi kuja mwishoni litunze kichwani: mistari myeusi ndiyo inayoficha maungio ya nyekundu na manjano, nawe utafuata mpangilio uleule.

Mipasuko unayoiona inatokana na mbao, rangi haina kosa. Wakati wa mvua mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana tu, karibu haibadiliki kwa urefu. Laka ikishakuwa kavu na kukosa unyumbufu haiwezi kuifuata, basi inakatika sambamba na nyuzi za mbao. Vumbi jeusi la goroli na koili (sumaku za umeme zinazosukuma vikono) linaingia ndani ya mipasuko na kukaa. Mistari hiyo hutaitoa yote bila kufika kwenye mbao. Kubali ibaki mingine. Juu ya ubao wa miaka 60 haina aibu.

Kuisha kwa rangi kuzunguka mashimo ni kazi ya goroli. Goroli ya flipa ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Ikishika kutu inakuwa tupa inayozunguka, na pale inapotua kila mara, mbele ya vikono, chini ya uyoga (vile vifundo vya duara vinavyoirusha goroli), ukingoni mwa shimo linaloitema, inakula laka, halafu rangi, halafu mbao. Kwa hiyo acha kuicheza tangu leo.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, chomoa mashine kwenye umeme na piga picha. Picha 100 si nyingi. Moja ipigwe kutoka juu kabisa, sambamba na ubao, rula ikiwa imelala kando. Kisha laza karatasi ya kunakilia michoro, ile inayoonyesha, na ufuatishe kwa penseli kila herufi na kila ukingo ulio mashakani. Picha za mashine ya jina lilelile tafuta kwenye tovuti ya Internet Pinball Database, yenye orodha ya mashine za flipa. Zitakuonyesha kilichokuwepo pale ambapo kwako hamna kitu tena. Raba, vijiti (nguzo ndogo zinazoshikilia raba) na skrubu viweke katika mifuko midogo, kila mfuko na jina la mahali vilipotoka. Nyaya za chini usizifungue. Anayeanza akiyeyusha risasi ya mamia ya nyaya zenye ganda la kitambaa, mara nyingi mashine hairudi kucheza. Vua vya juu tu, na chini funika kwa nailoni na utepe wa karatasi.

Usafishaji ndipo mbao nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Maji hapana: yakifika kwenye mbao iliyo wazi, nyuzi zinasimama na rangi ya ukingoni inaanza kubanduka. Tina ya selulosi hapana kabisa, inayeyusha laka papo hapo. Spiriti ya kuwashia ina methanoli, nayo inalainisha laka, iache. Anza na nafta, yaani ile petroli safi ya kujazia viberiti vya sigara, na kitambaa cha pamba. Inatoa mafuta na nta za zamani bila kugusa laka. Rudia mara tatu, kila mara kitambaa kipya, hata kama unaona pamesafika. Kinachotafutwa ni silikoni. Kama ubao uliwahi kung'arishwa kwa dawa ya kupuliza ya samani, silikoni iliyobaki itafanya verni ikimbie na kuacha vishimo vya duara kama makovu ya ndui, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuipiga msasa yote.

Uchafu ulioshika sana unatolewa kwa sifongo nyeupe ya melamini iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina karibu theluthi ya maji, haifai. Sifongo hiyo inaonekana laini lakini ni msasa mzuri sana, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya bamba la chini, pale goroli inapozama, ambapo hakuna anayeona. Sugua eneo la kiganja kimoja, mizunguko kumi, futa, tazama kitambaa. Kahawia ni uchafu na laka iliyozeeka, endelea. Ikitoka nyekundu au bluu, umefika kwenye rangi, simama. Rangi za miaka ile zinaweza kuwa na madini ya risasi, basi usizipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu.

Sasa vidirisha. Vimeinuka kwa sababu gundi yake imekufa na mbao imecheza kuvizunguka. Usivisukume kutoka juu kwa nyundo. Pasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, si ile ya kuchomea rangi, mpaka kidirisha kiwe cha moto ila mkono bado unavumilia. Weka karatasi ya nta juu, kipande cha mbao kilichonyooka juu na kingine chini, bana kwa jiliwa, acha usiku mzima. Asubuhi tia gundi nyembamba ya papo hapo au epoksi kutoka chini, ukingoni, tone kwa tone. Ikipanda juu futa mara moja. Chenye maandishi juu yake usikitoe kabisa, maana chapa imevuka kutoka plastiki hadi mbao na itakatika kote. Kilichobonyea katikati kama kisahani kitajazwa baadaye kwa matone ya verni, kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja.

Kingo za mashimo zilizomeguka jaza kwa epoksi ya sehemu mbili iliyochanganywa na unga wa msasa wa mbao. Ile pasta ya polyesta ya karoseri, yaani ya bodi za magari, ni rahisi zaidi kuisugua, lakini ukingo wake unavunjika goroli inapougonga. Zungusha karatasi ya nta kwenye kipande cha bomba chenye kipenyo cha shimo, kiingize, jaza, kitoe ikigumu. Sawazisha kwa msasa namba 320 juu ya kijiti kilichonyooka, na usivuke kwenye rangi.

Tufike kwenye verni, maana hapa ndipo ushauri wa jirani yako ungekuumiza zaidi. Verni ya kawaida ya mbao, na ile ya mashua, ni ya mafuta. Inakauka juu wakati chini bado laini, goroli inaacha njia yake kama baiskeli kwenye tope, na baada ya miaka michache kila cheupe kimekuwa manjano. Laka ya nitroselulosi, ile ya mafundi wa samani, ndiyo iliyo karibu zaidi na ya kiwanda na ni rahisi kurekebisha, lakini haivumilii mapigo, na ukiipuliza siku ya mvua inageuka nyeupe kama maziwa. Nakushauri verni ya magari ya vikopo viwili, verni na kigumishi chake. Inapatikana kwa wauzaji wa rangi za karoseri, ni ngumu, na haigeuki manjano upesi.

Ila usiipulize wewe nyumbani. Kigumishi kina isosianati, inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Mpelekee fundi wa kupaka magari rangi mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa ubao mmoja, ambao hauzidi sana nusu mita ya mraba, ukiweka na inayopotea hewani utatumia kama mililita 100 za mchanganyiko kila koti, yaani kila tabaka linalopulizwa. Nusu lita ya verni na robo lita ya kigumishi inatosha kazi yote, ikiwa ni ile ya mbili kwa moja. Fuata kipimo kilichoandikwa koponi, si mazoea ya gereji.

Mwambie mambo mawili ambayo kwenye gari hayafanyi. Kwanza, makoti mawili ya mwanzo yawe ya vumbi, yaani ya kupuliza hafifu na makavu, dakika 15 katikati. Akiloanisha tangu mwanzo, tina ya verni itaingia chini ya laka ya zamani na kuikunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Baada ya hayo mawili, koti moja la kawaida. Pili, asitafute mng'ao wa kioo leo. Hiki ni kipindi cha kwanza tu, cha kufunga.

Wakati wa kazi hiyo una maana Lubumbashi. Katikati ya mvua, Desemba hadi Machi, mbao imevimba na hewa ina maji. Juni na Julai usiku ni baridi, verni ya vikopo viwili inachelewa kugumu, na vumbi jekundu liko kila mahali. Mimi ningechagua mwisho wa Aprili na Mei: mvua imekatika, vumbi bado halijapanda. Siku tatu kabla, lete ubao ukae katika chumba kile kile, na siku yenyewe sakafu imwagiwe maji.

Acha siku mbili, kisha sugua kwa msasa namba 800 wa maji na kipande cha raba ngumu, mpaka mng'ao wote uwe ukungu. Maji sasa yanaruhusiwa kwa kuwa ubao umefungwa, ila yawe machache na mashimo yazibwe, maana ndani ya mashimo mbao iko wazi. Sasa mwite jirani.

Mwambie aache rangi ya mafuta nyumbani. Chini ya verni ya gari rangi ya mafuta haimalizi kukauka, na itakunjamana. Tunatumia akriliki ya wachoraji, ya maji, iliyopunguzwa kwa maji asilimia 10 hadi 20. Kazi ya kulinganisha rangi ndiyo inayotenganisha ubao uliotengenezwa na ubao uliopakwa. Nyeupe ya kopo itang'aa kama bandeji, kwa sababu nyeupe yako sasa ni krimu: iongezee okra ya manjano kidogo mno, na chembe ya kahawia. Nyekundu karibu daima inataka kahawia kidogo, bluu inataka manjano kidogo, kwa kuwa unaitazama kupitia laka iliyozeeka. Paka mfano juu ya plastiki inayoonyesha, ikauke (akriliki ikikauka inakolea zaidi kuliko ikiwa mbichi), laza juu ya rangi ya zamani kando ya dirisha asubuhi, si chini ya taa ya LED. Ukiweza kuuona ukingo wa mfano kwa umbali wa mkono, changanya tena. Na usilinganishe na rangi iliyojificha chini ya bamba. Pale haikupigwa na mwanga wala moshi wa sigara, itakudanganya. Linganisha na rangi iliyo kando ya doa lenyewe.

Paka eneo lote mpaka kwenye mstari mweusi wa karibu. Ukiziba doa peke yake katikati ya uwanja mwekundu, jicho litalikuta kila siku. Ziba pembezoni kwa plastiki ya gundi hafifu wanayouza mafundi wa vibao, kata kwa wembe mpya wa upasuaji, ukibonyeza kwa uzito wa kisu tu ili usichane verni. Brashi inaacha matuta. Kipande cha sifongo kilichokamuliwa, kwa kugonga-gonga, makoti matatu membamba, kinaacha uso sawa. Ondoa plastiki rangi ikiwa bado na ubichi kidogo, ukiivuta kuelekea kwenye rangi.

Mistari myeusi iwe ya mwisho, na hapo ndipo mchora vibao anapolipa deni lake. Mkono uliozoea kuandika "Salon de coiffure" kwa pumzi moja utafanya mviringo wa uyoga bora kuliko kifaa chochote. Atumie akriliki nyeusi na kalamu ya wachora ramani, ile ya midomo miwili ya chuma yenye skrubu ya kupanga upana wa mstari. Kalamu za wino wa kudumu za shule zipige marufuku: zinaonekana safi leo, lakini verni ikizigusa wino unatambaa na mstari unakuwa na manyoya. Hivyohivyo herufi zilizochapwa kwa printa ya wino. Maandishi madogo juu ya vidirisha yachapwe kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kuhamishia kwa maji. Ni membamba kiasi kwamba verni itayafunika bila ukingo.

Je, ukipata kwamba zaidi ya theluthi ya mchoro imekwisha? Kuna wanaouza karatasi nzima iliyochapwa ya kubandika juu. Siipendi. Mashimo hayalingani sawasawa, kingo zinanyanyuka kwenye mashimo yanayopigwa, na chini yake umezika kilichobaki. Kwa ubao wa hali hiyo ni bora ubao mpya ulionakiliwa, kama wa mashine yako unatengenezwa. Lakini kwa maelezo yako hujafika huko.

Rangi ikae siku mbili, kisha kipindi cha pili: koti moja la vumbi, mawili ya kawaida. Kausha siku tatu, piga msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, halafu dawa ya kung'arishia magari kwa mkono au mashine ya mwendo mdogo. Usiongeze makoti ukidhani unene ni ulinzi. Verni nene inabaki laini chini, na ukikaza vijiti inajikunja kuvizunguka kama zulia. Kwa sababu hiyohiyo usifunge chochote kabla ya wiki nne kupita. Najua ni vigumu kuutazama tu mwezi mzima.

Siku ya kufunga, kila tundu la skrubu litakuwa na ngozi ya verni. Ukiingiza skrubu moja kwa moja itaiinua na kuipasua nyota nyota. Chukua keekee pana ya kuchongea vichwa vya skrubu, izungushe kwa vidole mara mbili tatu mpaka ngozi ikatike kwa mviringo safi. Skrubu isugue kwenye mshumaa kabla ya kuikaza. Raba ziwe mpya zote. Za zamani zinaacha unga mweusi utakaorudi kwenye ubao. Nta iwe ya karnauba tupu, isiyo na dawa ya kusugua, koti jembamba, na urudie kila mashine inapochezwa sana.

Goroli mpya unaweza kuipata kwa wauzaji wa beringi: uliza ya chuma cha kromu ya inchi 1 na 1/16, iliyong'arishwa, na uipitishie ukucha dukani kuhakikisha haina hata mkwaruzo. Kabla ya kuwasha, soma kibandiko cha transfoma: taa za ubao zinatumia volti 6 na koili volti 24 hadi 30 hivi, lakini mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinatarajia volti 115 kutoka ukutani, na kwenye 220 yetu zinaungua. Kama yako ilikuwa inacheza kwa baba mdogo bila kisanduku cha kupunguza umeme, imeshapangwa. Mwisho, inua miguu ya nyuma mpaka ubao uiname digrii 3.5 hivi. Mashine za koili za enzi hiyo zilikusudiwa kuchezwa polepole, na ukizisimamisha kama za kisasa goroli itashuka kwa nguvu zaidi pale pale mbele ya vikono ulipotoka kutengeneza.